Breki Kwenye Magoti ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimepatikana.

Nimepatikana asubuhi kweupe, kwenye barabara ya udongo upande wa Handeni, mbele ya mama mkwe wangu na ng'ombe wapatao thelathini. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa mke wangu. Akisimulia yeye, ng'ombe watakuwa mia.

Kwanza mlijue gari. Nina pikapu kuukuu, ya kiti kimoja kirefu mbele. Ikiwa na mzigo ni gari la heshima kabisa. Ikiwa tupu ina tabia moja mbaya: ukikanyaga breki kwa nguvu, matairi ya nyuma yanajifunga kabla ya yale ya mbele, halafu sehemu ya nyuma ya gari inataka kutangulia. Mwezi uliopita ilifanya hivyo pale Mkumbara, mke wangu Mariamu akiwa ndani. Tuliingia Mkumbara tukielekea Moshi, tukasimama tukielekea Tanga. Wauza matunda wa kando ya barabara walipiga makofi. Mariamu hakupiga.

"Gari hili linaondoka," alisema.

Nikamwomba nafasi ya mwisho. Mariamu ni mtu wa haki, akaniwekea mtihani. Daktari bingwa wa macho anakuja Korogwe kwa siku moja tu, na mama yake anaishi kijijini Handeni, macho yote mawili yana ukungu, herufi hazioni kabisa.

"Utamleta mama kwa gari lako. Akifika kwa daktari salama na kwa wakati, gari linabaki. Asipofika, siku hiyo hiyo namwita mtu wa vyuma chakavu. Na sitaki makala kuhusu hilo."

(Alisema hivyo kwa sababu niliwahi kuandika makala ndefu ya kulitetea gari hili. Ilisomwa na watu wachache, wote wakiwa na magari mazuri.)

Mtu mwenye akili, akiambiwa hivyo, angekwenda kwa fundi na kunyamaza. Mimi nilikwenda kusoma. Nina shahada mbili, hakuna hata moja inayohusu spana, na hilo halijawahi kunizuia. Nikasoma kwamba ukifunga breki, uzito wa gari hukimbilia mbele, na nyuma inabaki nyepesi. Basi nyuma isipewe nguvu sawa na mbele. Kuna kifaa cha kazi hiyo: vali ya kugawa breki. Inafungwa kwenye bomba linalopeleka mafuta ya breki nyuma, na ina kifundo cha kuzungusha, kama kile cha sauti kwenye redio za zamani. Ukikaza, nyuma inapata nguvu nyingi. Ukilegeza, inapata kidogo. Ni hivyo tu!

Nikaagiza Dar. Jana mchana nikaipeleka kwa fundi Semboja, jirani yangu wa hapa Old Korogwe, mtu mpole ambaye amelifufua gari hili mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka.

"Nzuri hii, mwalimu," alisema akiigeuzageuza mkononi. "Inakaa kwenye boneti, karibu na masta ya breki. Tunaipima mara moja, tunaiacha, tunaisahau."

"Hapana, fundi. Nataka iwe ndani, ili niirekebishe kulingana na mzigo."

"Uirekebishe huku unaendesha?"

"Kulingana na mzigo," nikarudia. Nilipenda jinsi ilivyosikika.

Akainama, akaingiza kichwa ndani ya gari, akatoka. "Bomba la nyuma linashukia upande wa kushoto. Ukitaka ndani, kifundo kitatokea hapa." Akaonyesha chini ya dashibodi, mbele kabisa ya kiti cha abiria. "Na hapa anakaa mtu, mwalimu. Ana magoti."

"Anakaa tu. Hagusi."

Fundi Semboja alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekuja na majibu yake mwenyewe. Kisha akafanya kazi. Alikata bomba, akalifunga upya, akaingia uvunguni, mimi nikakaa kwenye usukani tutoe hewa kwenye mabomba. "Kanyaga!" Nakanyaga. "Shika!" Nashika. "Achia!" Naachia. Katika shughuli yote ya jana, hiyo ndiyo sehemu pekee niliyofaulu bila maswali.

Tukaenda kupima kwenye uwanja wa mpira. Akazungusha, tukafunga breki, akazungusha tena. Mwishowe gari likasimama limenyooka kama mwanajeshi.

"Mizunguko minne kurudi kutoka mwisho," alisema. "Andika."

"Nitakumbuka."

"Andika, mwalimu."

Nikaandika. Nilikata kipande cha karatasi, nikapiga mstari kwa rula, nikaandika kwa herufi ndogo nzuri, na kukibandika juu ya kifundo. Niliandika: USIGUSE.

(Ndiyo. Niliandika onyo kwa ajili ya abiria anayepelekwa kwa daktari wa macho. Naomba mniache niendelee.)

Leo baada ya sala ya alfajiri nikaondoka. Mariamu alibaki Korogwe ili ashike foleni hospitali, maana watu ni wengi na daktari ni mmoja. Njiani kwenda Handeni nilikuwa mtu mwenye furaha. Kila tuta nilifunga breki kwa makusudi, nikijisikiliza. Gari lilikuwa limetulia! Nilianza hata kutunga aya ya kwanza ya makala. Ilikuwa na neno "uthubutu."

Nikafika kijijini kwa mama manyunyu yakiwa yameanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hilo gari limepona?"

"Limepona kabisa, mama. Breki usizifikirie hata kidogo."

Kauli hiyo ikumbukeni kama nilivyoikumbuka mimi dakika kumi baadaye.

Lazima niwaeleze jambo moja, wale ambao hamkuoa huku. Mimi na mama mkwe hatusogeleani. Si ugomvi, ni heshima. Kwa miaka ishirini na miwili nimemwamkia macho yakiwa chini, nimekula chakula changu chumba kingine, na tukisafiri Mariamu anakaa katikati kama ukuta. Leo ukuta ulikuwa Korogwe umeshika foleni. Mama akapanda, akajibana mlangoni. Mimi nikajibana mlango wangu. Katikati akaweka kikapu chake. Kilikuwa kikapu kikubwa, lakini si kikubwa vya kutosha kwa jambo lililokuwa linakuja.

Tukaondoka. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, ndani kukawa joto. Mama akajipepea kwa ncha ya mtandio. Akajipepea tena. Kisha akaanza kupapasa chini ya dashibodi.

Nikaona kwa pembe ya jicho. Mkono wake umefika kwenye kifundo!

"Mama..." nikasema.

"Endesha tu, mwanangu. Cha upepo nitakipata mwenyewe."

Akazungusha. Upande wa kulia. Mzunguko mmoja.

Sasa nieleweni. Ningeweza kunyoosha mkono nimzuie. Lakini mkono ungepita juu ya kikapu na kutua wapi? Kwenye magoti ya mama mkwe! Heri gari lipinduke. Ningeweza kusema, "Mama, hiyo ni breki." Lakini dakika kumi kabla nilimwambia asizifikirie breki, na sasa alikuwa amezishika mkononi.

"Mama, labda tufungue dirisha kidogo," nikajaribu.

"Na mvua hii? Unataka niende kwa daktari nimelowa?"

Mzunguko wa pili. Wa tatu. Nikapunguza mwendo. Nikajiambia kwamba elimu ni pamoja na kutulia. Wa nne, kifundo kikagonga mwisho, hakiendi tena. Mama akakiachia, akaegemea kiti, akavuta pumzi.

"Aah. Sasa ndiyo upepo unaanza kuja."

Hakukuwa na upepo wowote. Ndugu zangu, gari hili halijawahi kuwa na feni tangu lizaliwe.

Nilikuwa na mpango. Nitaendesha polepole hadi tufike pa kusimama, nijifanye nakagua tairi, nipitie mlango wa pili, nirekebishe kimyakimya, na heshima yangu ibaki nzima. Mpango mzuri sana. Ulidumu hadi kwenye kona, ambako ng'ombe walikuwa wanavuka barabara.

Nikakanyaga breki. Si kwa nguvu! Naapa, si kwa nguvu. Lakini udongo ulikuwa umelowa na nyuma ya gari ilikuwa imepewa mamlaka yote. Matairi ya nyuma yakajifunga. Nikasikia kile kimya kinachokuja gari likianza kuteleza. Nyuma ikasogea kushoto taratibu, bila haraka, kama mtu anayepita kati ya watu waliokaa msibani. Nikazungusha usukani. Usukani ukanizungukia mimi. Miti ikapita mbele yetu, kisha ng'ombe wakapita, kisha miti mingine, kisha ikaja barabara, na tukasimama.

Ilikuwa barabara ileile, ila sasa tulikuwa tumeelekea tulikotoka.

Hakuna aliyeumia. Hakuna ng'ombe aliyeguswa. Walisimama wakitutazama huku wanatafuna. Kikapu kilikuwa kimeangukia kwangu, na mama alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Nikangoja apige kelele. Hakupiga. Alisema jambo moja kwa Kizigua ambalo sitalitafsiri, kisha akaniambia kwa Kiswahili safi:

"Mkwe wangu, feni yako ina nguvu."

Mwenye ng'ombe akaja dirishani. Alikuwa Mzee Yohana, mfugaji wa Kimasai, jirani wa mama wa miaka mingi, ndiye anayempelekea maziwa. Nyuma yake wanawe wawili, watu wazima, wamejifunga shuka vizuri. Mzee akatazama gari, akatazama lilikoelekea, akainama.

"Mama Mariamu, habari za asubuhi. Umesahau kitu nyumbani?"

"Sijasahau kitu, Mzee Yohana. Nilikuwa nafungua upepo."

Akakionyesha kifundo. Nikaona hapa hakuna pa kukimbilia.

"Mama," nikasema nikitazama usukani, "hicho si cha upepo."

"Ni cha redio?"

"Si cha redio."

"Ni cha nini?"

"Ni... cha breki."

Hata manyunyu nadhani yalisimama yasikilize.

"Breki?" mama akasema. "Breki za gari?"

"Za nyuma tu, mama."

"Na umeziweka hapa? Kwenye magoti yangu? Breki umeziweka kwenye magoti ya mama mkwe wako?"

Mzee Yohana akageuka, akawafasiria wanawe kwa Kimaa. Walikuwa wanajua Kiswahili vizuri kabisa. Nadhani alitaka tu kulisikia jambo lile kwa lugha mbili. Wale vijana walicheka mpaka mmoja akaketi chini kwenye matope.

Simu ikalia. Mariamu.

"Mko wapi? Wameanza kuita namba. Sisi ni wa ishirini na saba."

"Tumesimama kidogo."

"Gari limesimama, au limegeuka?"

Kabla sijajibu, mama akainyooshea simu mkono. Niliweka simu juu ya kikapu (heshima ni heshima), naye akaichukua hapo.

"Mariamu, tuko salama. Limegeuka kidogo. Mume wako amenipa breki nimsaidie kushika, hakuniambia tu kama amenipa."

Sikusikia jibu la Mariamu. Nilisikia kicheko, halafu kicheko kikakatika ghafla, nikajua amekumbuka yule mtu wa vyuma chakavu.

Kazi ikawa moja: kurudisha kifundo mahali pake. Nikashuka, nikazunguka, nikafungua mlango wa mama, nikapiga magoti kwenye matope. Mama akakataa kushuka. Amevaa viatu vya kwenda hospitali, hashuki. Basi kifundo kiko pale, magoti ya mama yako pale, na mimi niko chini natazama pembeni kama mwizi aliyekamatwa.

"Sema, mwanangu. Nitazungusha mimi. Kiasi gani?"

Nikafungua kinywa. Na hapo, ndugu zangu, shahada mbili zilinitoroka kwa pamoja. Mizunguko... minne? Mitatu? Kutoka mwisho, sawa. Lakini mwisho upi? Na gari lile sasa lilikuwa na mtu wa pili, kikapu, na gunia la mahindi ambalo mama alilipakia nyuma bila kunishauri. Kulingana na mzigo! Nikampigia fundi Semboja, nikaweka sauti kubwa, hilo likiwa kosa langu la nne kwa leo.

"Fundi, ile vali, uliniambia mizunguko mingapi?"

"Nilikwambia uandike."

"Niliandika."

"Soma basi ulichoandika."

Wote wakaningoja. Mzee Yohana akasogea karibu zaidi.

"Nimeandika USIGUSE," nikasema.

Nilimsikia fundi akihema. Kisha akauliza kwa upole, "Nani amekaa hapo?"

"Mama mkwe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Nimeshika kifundo."

"Kama kuna mzigo nyuma, rudisha upande wa kushoto mama, mizunguko mitatu badala ya minne. Halafu aendeshe kidogo, afunge breki. Matairi ya mbele yaanze kushika, ya nyuma yafuate. Nyuma ikitangulia, legeza tena nusu. Mko na mtu wa kutazama matairi?"

"Yupo," akasema Mzee Yohana.

Mzee huyu, ieleweke, hajawahi kushika usukani maishani mwake. Lakini amekaa miaka sitini akitazama ardhi ili ajue ng'ombe yupi amepita, saa ngapi, na mguu upi unamuuma. Nikaendesha hatua chache, nikafunga breki. Akachuchumaa kwenye alama za matairi, akapitisha kidole.

"Wa nyuma bado anaburuta miguu," akatangaza. "Wa mbele ametembea tu."

"Nusu, mama!" fundi akasema kwenye simu.

Mama akazungusha nusu. Nikaendesha, nikafunga.

"Wamesimama pamoja. Ila huyu wa nyuma kushoto amekosa subira."

"Robo, mama!"

Mama akazungusha robo, kwa vidole viwili, kama anayepunguza utambi. Nikaendesha, nikafunga. Gari likatua limenyooka. Mzee Yohana akazunguka alama zote nne, akarudi kwa zile za mbele, akainuka.

"Sasa wa mbele ameshika kwanza. Nyuma anamfuata kwa adabu. Nendeni."

Mtu anayesoma ardhi, mtu asiyeona herufi, na mtu aliye Korogwe kwenye simu wamepima breki zangu kwa dakika kumi na tano. Mimi katika timu ile nilikuwa mguu. "Kanyaga, mwalimu." Nakanyaga. "Achia." Naachia.

Tukageuza gari (kwa hiari yetu safari hii) tukashika njia. Nilipendekeza tusimame nikifunge kifundo kwa waya ili kisiguswe. Mama alikuwa ameshaweka mkono juu yake na kuuacha hapo. Tulipofika kwenye lami akaanza kutoa maelekezo. "Kuna tuta mbele, nimelihisi." "Hapo kavu, nenda." Mara moja nilikanyaga breki bila kumwambia, akanigeukia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili, akanitazama usoni.

"Ukitaka kusimama, sema. Tuko wawili."

Tukaingia hospitali namba ishirini na tano ikiitwa. Mariamu alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mama yake kuanzia kichwani hadi viatuni, akamkuta mzima na mkavu. Akanitazama mimi: matope magotini, matope viwikoni, na kipande cha karatasi ya USIGUSE kimenigandia kwenye mkono wa shati. Akamshika mama mkono, wakaingia ndani.

Daktari amempima. Amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na yanatibika. Atafanyiwa la kwanza wiki ijayo, hapa hapa Korogwe, la pili baadaye. Nilifurahi kweli, hata nikasahau aibu yangu kwa dakika nzima. Kisha tukatoka nje, tukasimama mbele ya gari, na nikamwuliza mke wangu hukumu.

"Amefika salama," nikasema. "Amefika kwa wakati."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo gari linabaki?"

Mariamu akamgeukia mama yake. "Mama, wewe unasemaje?"

"Gari zuri," mama akasema. "Lina kasoro ya dereva tu. Mimi nitakuwepo miezi hii ya matibabu, nitakuwa nakaa pale pale. Bila mimi lisitoke."

"Umesikia?" Mariamu akaniuliza. "Linabaki. Na bila mama halitoki."

Basi gari nimelinusuru. Liko nje hapa ninapoandika, na ndani nasikia mama mkwe akimweleza mtu kwenye simu jinsi ya kugawa breki kulingana na mzigo. Naombeni sana mtu asinicheke. Na mwenye shida ya lifti kesho asinipigie mimi. Ampigie mama, mimi ni mguu tu.